Mchuzi wa Mama Mkwe na Mchuzi wa Mkaza Mwana



Juma hili sitasema juu ya karo ya shule wala juu ya mahari. Nitasema juu ya mchuzi wa samaki. Msicheke. Nimeona nyumba ikitikisika kwa sababu ya mchuzi, nayo ni nyumba ya Wakristo waliofunga ndoa kanisani mbele ya macho yetu sote.

Ijumaa moja ya Kwaresima alinijia mama mmoja wa mtaa ulio karibu na mto, hapa kwetu Kindu. Aliketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, mwanangu ameoa msichana asiyejua kupika." Nikashangaa, kwa kuwa namfahamu yule binti. Alifika hapa pamoja na wazazi wake wakikimbia mapigano, baada ya mji wa Bukavu kutekwa mwezi wa Februari 2025. Ni binti mwenye adabu, hachelewi Misa, na anaimba katika kwaya. Nikauliza: "Je, anaunguza chakula?" Akajibu: "Haunguzi. Lakini mchuzi wake hauna mawese, na pilipili huiweka kando kama dawa. Akileta chungu mbele yangu, naona ameleta maji aliyooshea samaki. Nami nimemwambia hivyo hivyo."

Kesho yake nilikutana na binti mwenyewe sokoni. Nilipomwuliza habari za nyumbani, aliinamisha kichwa, akasema: "Baba, siku ya kwanza nililia kwa pilipili ya mama. Siku ya pili nililia kwa maneno yake. Sasa sipiki tena. Nateka maji na kuosha vyombo tu." Mume naye, badala ya kusema neno la kupatanisha, alikuwa akichelewa kurudi, akila wali wa kununua karibu na stesheni. Na jambo lililoniumiza zaidi ni hili: katika nyumba hiyo analelewa mjukuu wa miaka minne. Mtoto huyo aliisukuma sahani aliyopewa na yule binti, akasema: "Hiki si chakula." Hakuzaliwa na neno hilo. Alifundishwa.

Basi, kabla hatujamhukumu mtu yeyote, tuutazame kwanza mchuzi wenyewe.

Mchuzi wa mtoni

Mchuzi wa kwetu mnaujua. Samaki wa Lualaba, awe kambale au mwingine, mbichi au aliyekaushwa kwa moshi, hukatwa vipande. Mawese hupashwa moto, kitunguu hukaangwa kidogo, ndipo huingia maji, chumvi na samaki. Wengine hutia bamia, nao mchuzi huvutika. Wengine huongeza majani ya lengalenga. Pilipili ndogo iliyo kali hupondwa na kutiwa humo humo chunguni, hata jasho la mlaji litoke kabla ya tonge la tatu. Rangi yake ni nyekundu yenye kung'aa. Huliwa kwa wali, kwa maana Maniema ni nchi ya mpunga, ama kwa ugali wa muhogo. Wagenya, wavuvi wa tangu zamani wa mto huu, hawahitaji kufundishwa na mtu jinsi ya kumpika samaki.

Lakini ukishuka na mto hata Kisangani, utamkuta samaki yule yule akifungwa katika majani mapana pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili, akaiva polepole juu ya makaa. Ndiyo liboke, nalo hupendwa vilevile hata Kinshasa. Pilipili ni ile ile na mto ni ule ule. Chungu tu ndicho kilichogeuka kuwa jani.

Mchuzi wa maziwani

Sasa tupande mashariki, alikotoka binti yetu. Bukavu imejengwa juu ya Ziwa Kivu, mahali palipoinuka yapata mita 1,500. Huko kuna baridi, na mchikichi hauipendi baridi. Mawese hufika sokoni kutoka nchi za mabondeni, lakini si mti unaouona ukitoka mlangoni, kama kwetu. Kwa hiyo mama wa huko humkaanga samaki katika mafuta ya kawaida, hukata nyanya nyingi na vitunguu vingi, huongeza maji kidogo, na pilipili huiweka pembeni ili kila mtu ajichukulie kadiri ya nguvu zake. Je, ni kosa la binti huyu kwamba milima ya kwao haioti michikichi?

Na hapa kuna jambo la kufikiri. Samaki wadogo waitwao sambaza, ambao watu wa Ziwa Kivu huwaona kuwa ni mali yao ya asili, hawakuwamo katika ziwa hilo tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakatiwa majini, wakazaana, wakawa chakula cha maelfu ya watu. Leo hakuna mvuvi wa Bukavu awaambiaye: "Ninyi ni wageni, rudini kwenu."

Ukishuka kwenye Ziwa Tanganyika, Uvira au Kalemie, ama ukivuka hata Kigoma na Ujiji, utakula migebuka na dagaa. Nchi ya Kigoma ina michikichi, na mawese hupikiwa huko kama hapa kwetu. Tena katika Ujiji wako watu wengi waitwao Wamanyema, ambao mababu zao walitoka nchi hii yetu. Mama wa Kindu akifika huko atakuta chungu asichokionea haya.

Mchuzi wa pwani

Ukiendelea kufuata njia hiyo kupita Tabora hata Bagamoyo, ukavuka bahari hata Unguja, mawese hutoweka na nazi hushika mahali pake. Huko mchuzi wa samaki hutiwa tui, bizari, kitunguu saumu na tangawizi, nao huchachushwa kwa ndimu, kwa ukwaju, au kwa embe bichi. Unguja wana pia supu iitwayo urojo, ya rangi ya manjano, yenye uchachu na ukali pamoja, ambamo hutiwa viazi, bajia na vitu vingine vingi, hata mgeni hajui aanze wapi. Mpishi wa Unguja akionja mchuzi wetu atauliza: "Uchachu wake uko wapi?" Nasi tukionja wa kwake tutauliza: "Mawese yako wapi?" Na wote wawili watakuwa wamesema kweli, kila mmoja kwa chungu cha mama yake.

Njia iliyoleta wali

Kwa nini nimewatembeza kutoka Kindu hata baharini? Kwa sababu ndiyo njia iliyoleta nusu ya chakula chetu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya wafanyabiashara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Kasongo na Nyangwe, kusini ya Kindu. Watu hao, Waarabu na Waungwana, ndio waliotuletea mpunga. Ndio pia waliotuletea lugha hii ya Kiswahili ambayo kwayo mnasoma maneno yangu, na ambayo kwayo mama mkwe alimtukana mkaza mwana.

Lakini tusiwadanganye watoto wetu kwa kuwaonyesha wali peke yake. Njia hiyo hiyo ilipitisha minyororo. Mwaka wa 1871 msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa, akaona soko kubwa lililojaa wanawake waliotoka ng'ambo zote mbili za mto, wakiuza vitoweo vyao na kutaniana juu ya bei. Aliwapenda watu hao. Kisha tarehe 15 Julai mwaka huo, watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wanawake hao sokoni, na wengi waliokimbia kwenye mitumbwi wakafa maji. Walikufa mamia. Habari zake zilipofika Ulaya, ziliongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe.

Nalitaja jambo hilo la huzuni kwa sababu moja. Wanawake wa Nyangwe walikuwa wakifanya kazi ambayo mama zetu huifanya kila asubuhi: kutafuta kitoweo cha nyumba. Mwanamke anayebeba kikapu cha samaki hastahili risasi. Na mwanamke aliyeyakimbia mapigano ya zama zetu, akaja akashika mwiko katika nyumba ya watu, hastahili maneno yenye kuchoma.

Nani mwenyeji chunguni?

Sasa nilimrudia yule mama. Nikamwambia: "Mama, tukitazame chungu chako, tumtafute mwenyeji." Tukahesabu pamoja.

Mpunga tumekwisha sema ulikotoka. Muhogo ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno katika nchi za Kongo zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nyanya nayo ni ya Amerika. Tangawizi na ndimu ni za Asia. "Lakini pilipili," akasema yule mama, "pilipili ni yetu!" Nikamjibu: "Pole, mama. Pilipili hii kali nayo ni mgeni." Kabla ya safari ya Kristofa Kolumbus ya mwaka wa 1492, hakuna mtu wa Afrika aliyepata kuionja. Ilikuwa ikilimwa na wenyeji wa Amerika. Wareno waliisambaza katika karne ya kumi na sita, ndege wakaila na kuipanda mbegu yake porini, nayo ikaota kana kwamba ilikuwako tangu siku ya kuumbwa ulimwengu. Jina lenyewe lilikuwa la pilipili ya zamani, ile nyeusi. Mgeni alipofika, alilichukua jina, na yule wa zamani tukamwongezea jina la pili, tukamwita pilipili manga, maana yake pilipili ya Uarabuni.

Ajabu ni kwamba jambo hilo hilo lilitokea mbali sana, katika nchi ya Uthai, ambayo zamani iliitwa Siam. Huko pia pilipili kali ililetwa kutoka Amerika, ikalichukua jina la pilipili nyeusi, hata Wathai wakalazimika kuiita ile nyeusi pilipili ya Kithai. Kwa mgeni huyo wakatengeneza supu iitwayo tom yum: maji yenye mchaichai, mzizi wa jamii ya tangawizi, majani ya mti wa jamii ya mlimau, ndimu, pilipili, na mara nyingi kamba wa majini. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliiandika supu hiyo ya kamba katika orodha ya urithi wa wanadamu, orodha ile ile iliyopokea rumba yetu ya Kongo mwaka wa 2021, na wali kwa samaki wa Senegali mwaka huo huo.

Je, mnadhani Wathai wote hupika namna moja? Hata kidogo. Wako wapendao supu nyeupe isiyo na kitu cha kuificha, na wako watiao maziwa ikawa nzito. Wako walio na ndugu yake tom yum, apikwaye kwa tui la nazi. Na kaskazini-mashariki, katika nchi ya Isan, wana supu yao yenye ukali na uchachu, iitwayo tom saep. Bila shaka huko nako yuko mama mkwe anayesema kwamba supu ya mkaza mwana si supu.

Basi katika chungu cha Kindu mwenyeji ni nani? Tulihesabu, tukapata samaki wa mto na mawese. Hao ndio wa kwetu tangu kale. Wengine wengi walibisha hodi, wakaambiwa karibu. Mama alikaa kimya. Kisha akasema: "Kumbe mimi nampikia mwanangu wageni kila siku." Nikasema: "Ndiyo, mama. Na mgeni mmoja tu ndiye uliyemfukuza."

Neno la Injili

Wapenzi wasomaji, someni Injili ya Yohane, sura ya 21. Bwana amefufuka. Wanafunzi wamevua usiku kucha pasipo kupata kitu, kisha kwa neno lake wavu umejaa. Wafikapo pwani, wanakuta amekwisha kuwasha makaa, na samaki yuko juu ya moto, na mkate upo. Chakula kilikuwa tayari. Hata hivyo Bwana aliwaagiza walete na baadhi ya samaki waliowavua wao. Kwa nini, hali alikuwa na wake? Mimi nadhani ni kwa sababu hakutaka wale chakula chake kama watumwa waliookotwa. Alitaka mikono yao pia iwe katika chakula hicho.

Hilo ndilo neno langu kwa mama wakwe. Ninyi mmekwisha kuwasha moto. Samaki wenu wako juu yake. Hakuna awezaye kuwanyang'anya heshima hiyo. Lakini mwambieni mkaza mwana alete na wa kwake. Na ninyi wakaza mwana, msiseme mioyoni: "Chungu hiki ni cha kishamba." Jifunzeni mawese ya nyumba mliyoingia. Na ninyi waume, mchuzi wa kununua stesheni hauponyi nyumba. Mwanamume akikwepa chakula cha nyumbani ili asiamue kati ya mama na mke, amekwisha kuamua. Amewaacha wote wawili.

Namna ya kupika

Wengi watauliza: "Tufanye nini jioni hii?" Haya, chukueni. Kwa watu sita, twaa samaki wa kilo moja, nyanya nne, vitunguu viwili, mawese vijiko vitatu vikubwa, maji vikombe vinne, na chumvi. Pasha mawese, kaanga vitunguu, tia nyanya hata zilainike: hapo Bukavu na Kindu zimekwisha kushikana mikono. Mimina maji, yachemke, kisha mweke samaki, umwache robo saa hivi kwa moto wa kiasi, usimkoroge asije akavunjika. Samaki wa moshi aloweshwe kwanza, na apikwe zaidi.

Pilipili itie nzima, pamoja na kikonyo chake, ielee juu ya mchuzi pasipo kupasuka. Hivyo hutoa harufu yake bila kumwaga moto wake wote. Iondoe kabla ya kuwapakulia watoto. Wanaotaka ukali waiponde katika kibakuli chao kwa chumvi na ndimu. Ukiisha kuponda, osha mikono vizuri kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto usoni. Na mtu akichomwa na pilipili, asikimbilie maji. Ukali wake hauyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo tonge la wali lenye mafuta humsaidia kuliko kikombe cha maji.

Mwisho wa shauri

Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya Matawi nilipita katika nyumba ile. Nilikuta mama amekaa juu ya kigoda akikata samaki, na binti akimenya vitunguu karibu naye. Hawakuwa wakizungumza sana, lakini mafiga yalikuwa seti moja na moto ulikuwa mmoja. Mume alikuwamo uani, akipasua kuni, jambo ambalo majirani walilishangaa.

Chakula kilipopakuliwa, mtoto yule wa miaka minne aliitazama sahani yake, akamtazama bibi yake, akingoja kuona bibi atasema nini. Bibi alichukua tonge, akachovya, akala. Mtoto naye akachovya.

Sitawaambieni kwamba kila kitu kimekuwa asali. Mama mkwe bado husema kwamba mchuzi wa Bukavu una baridi ya mlimani. Lakini sasa husema hayo akiwa amekwisha kuifuta sahani kwa tonge la mwisho. Na binti hucheka, naye humsogezea kibakuli cha pilipili.

Nanyi, wasomaji wangu, Ijumaa ijayo mnapoinjika chungu, mtazameni aliye pembeni ya moto wenu, ambaye juzi mlimwambia kwamba hajui kupika. Mwulizeni: "Kwenu mnapikaje?" Ni maneno mawili tu, wala hayahitaji kuni.

Kwa herini hadi juma lijalo.